Gauni lisilo na pa kuingilia

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 19, mkaazi wa Kisauni, Mombasa. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, KCSE nikapata C+. Tangu darasa la saba nashinda dukani kwa ami yangu Majengo. Yeye ni fundi wa kanzu na sare za shule, nami sasa nakata na kushona mwenyewe. Nataka kusomea shahada ya ubunifu wa mavazi, lakini baba asema cherehani haitaki digrii. Nina daftari la michoro kama hamsini niliyonakili mtandaoni, ila sura za watu hazinitoki. Rafiki yangu aniambia niombe London. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara mbili, na kilichonishtua si C+ wala London. Ni hilo daftari. Umekaa miaka sita kwa fundi, umeona watu wakivaa, wakivua, wakinung'unika na kurudisha nguo, halafu ukiulizwa una nini cha kuonyesha unatoa magauni hamsini ya watu usiowajua. Hapo ndipo nitakapokaa kitako. Mengine nitayapitia mbiombio.

Nami niliwahi kuwa na daftari kama lako. Nilikuwa na umri wako nilipoitwa kuhojiwa katika chuo kimoja, nikaenda na karatasi ishirini zilizopakwa rangi zikapakika. Mama mmoja kwenye jopo akawa anafunua moja moja bila neno, mpaka akafika kwenye gauni jekundu nililolipenda kuliko yote. Lilibana kuanzia shingoni hadi magotini, na shingo yenyewe ilikuwa nyembamba kuliko kichwa cha mvaaji. Akaliangalia weee, kisha akaniuliza, "Linaingiliwa wapi?" Nikajibu, nyuma. Akanisogezea karatasi tupu na penseli: "Haya, nichoree huo mgongo." Sikuweza. Zipu sikujua ianzie wapi wala iishie wapi, kwa sababu gauni lile sikulibuni. Nililiona mahali, nikalibadilisha rangi. Mwaka huo sikuchaguliwa, na walifanya haki.

Siku hizi nakaa upande ule mwingine wa meza, na bado swali la yule mama ndilo ninaloanza nalo.

Tuondoe kwanza habari ya alama. Hapa Kenya nafasi za vyuo vikuu vya umma hugawanywa na KUCCPS, shirika la serikali la kuwapanga wanafunzi vyuoni, na mfumo wa KUCCPS hauoni kazi ya mikono yako. Unaona alama. C+ ndiyo sakafu ya shahada, kwa hiyo mlangoni umeshafika. Kinachobaki ni pointi za yale masomo manne yanayohesabiwa kwa kozi unayoitaka. Pointi walizoingia nazo wenzako wa miaka iliyopita zimo kwenye tovuti yao, zisome kabla ya kuchagua, si baada ya kukosa. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina shahada ya ubunifu wa mitindo na masoko yake. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kimeegemea zaidi uhandisi wa nguo, na mwaka 2007 chuo hicho kilikinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex, ili mwanafunzi aone pamba ikiwa uzi na uzi ukiwa kitambaa. Kama moyo wako uko kwenye mashine na nyuzi kuliko kwenye penseli, usiidharau njia hiyo. Usitie chaguo moja ukakaa kusubiri. Ukikosa shahada kabisa, diploma huanzia C-, na nimefundisha watu waliopanda kutoka diploma wakawapita wenzao waliokuja moja kwa moja, maana mkono wao ulikuwa umeshazoea mkasi. Kisha ukumbuke kwamba kuomba nafasi na kuomba fedha za kusomea ni maombi mawili mbalimbali. Kila mwaka kuna mtoto anayefanya la kwanza akasahau la pili.

Utaniuliza, kama KUCCPS haiangalii kazi zangu, jalada la kazi, hilo wanaloliita potifolio, nitalitengeneza la nini? Kwa sababu wiki ya kwanza darasani utaambiwa lete ulicho nacho. Na kwa vyuo vya nje mambo hugeuka: alama huwa kizingiti tu cha kuvukwa, jalada ndilo linaloamua. Kwa hiyo unajitayarisha mara moja, kwa milango yote miwili.

Sasa daftari. Liweke kabatini, usilitupe, lakini usimwonyeshe mtu. Nunua jipya lisilo na mistari, la bei rahisi, ili usiogope kulichafua. Wiki mbili za kwanza usichore gauni hata moja. Kaa dukani uandike wateja wanasema nini. Si maneno ya kwenye magazeti ya mitindo, maneno yao wenyewe: bega linapanda, kwapa linabana, mtoto amekua kabla ya muhula kwisha, kola inanichoma, nimekaa ikapasuka. Andika nani alisema, alikuwa amevaa nini, na ami yako alifanya nini. Ile ndiyo inayoitwa tafiti, mwanangu. Wenzako watakwenda kuitafuta kwenye simu, wewe inaingia yenyewe dukani ikiwa imeshika mfuko wa nailoni.

Utagundua kwamba malalamiko hayatawanyiki, yanarudi mahali pamoja. Naweza kukuwekea dau kwamba katika sare za shule mahali hapo ni kwapani. Mtoto ananyoosha mkono kujibu swali, shati linapanda lote, mwisho mshono unaachia. Mama yake anarudi kwa ami yako, ami anapitisha mshono wa pili juu ya wa kwanza, na baada ya mwezi panapasuka kando yake. Shika tatizo hilo moja, ulitafune mpaka ulimalize.

Nenda soko la Kongowea ununue koti la suti la mwanamume, mtumba wa chini kabisa, hata likiwa na doa. Lipige picha mbele, nyuma na ndani. Kisha lifumue. Usilikate, lifumue mshono kwa mshono, taratibu, na kila kipande ukipe namba kwa chaki kabla hakijatoka. Viweke vipande juu ya karatasi ya kaki (mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri unatosha), uvizungushie penseli, na kwenye kila kimoja uchore mshale wa kuonyesha uzi wa kitambaa ulikuwa unaelekea wapi. Kazi hii itakula siku tatu au nne, na itakufunza kuliko video mia. Utaona kola ya chini imekatwa kwa ulalo ilhali ya juu imefuata uzi, ndiyo maana inageuka vizuri shingoni. Utaona bitana ya mgongo ina mkunjo katikati usioonekana kwa nje, umeachwa hapo ili mtu akipeleka mikono mbele bitana isiraruke. Utaona ndani ya kifua kuna kitambaa kigumu, cha kushonwa au cha gundi, kinachoshikilia umbo. Na utaona mkono una vipande viwili, si kimoja, umepindishwa kufuata kiwiko kinavyokunjika.

Baada ya hapo, chukua kanzu kuukuu ya ami yako iliyokatwa kwa njia ya zamani. Ile yenye badani mbele na nyuma, taharizi ubavuni, na kikwapa. Kile kipande kidogo cha chini ya kwapa unakishona kila siku bila kukifikiria. Kiulize kipo kwa nini. Koti la Ulaya na kanzu ya Mswahili vyote viwili vimejibu swali moja, kwamba binadamu atauinuaje mkono bila nguo yote kupanda. Koti limejibu kwa kupinda mkono na kulichonga tundu la bega. Kanzu imejibu kwa kukata kila kitu sawasawa, isipotee hata shubiri ya kitambaa, halafu ikaongeza kikwapa. Sasa rudi kwenye shati la mtoto wa shule. Je, likitiwa kikwapa itakuwaje? Kiwe mraba au umbo la almasi? Cha kitambaa kilekile au chenye kuvutika? Kitaongeza dakika ngapi kwa fundi anayeshona mashati arobaini kwa siku, na mzazi atalipa zaidi kiasi gani?

Hizo tayari ni kurasa nane za jalada ambazo hakuna mwombaji mwingine duniani atakayekuwa nazo.

Majaribio yafanye kwa amerikani, ile pamba ghafi isiyotiwa rangi. Babu zetu waliiita hivyo kwa sababu ililetwa Unguja na merikebu za Wamarekani katika karne ya 19, nyingi zikitoka Salem, Massachusetts. Ni rahisi, haidanganyi, na kila kosa linaonekana. Shona shati la kwanza, mvishe mdogo wako, mwambie anyooshe mkono, piga picha. Likikataa, andika juu ya kitambaa chenyewe kwa kalamu limekataa wapi. Shona la pili. Shona la tatu. Na usije ukatupa lile la kwanza! Waombaji wengi huonyesha kitu kilichofaulu peke yake, wakaficha njia yote iliyowafikisha. Sisi tunaokaa mezani tunaitafuta hiyo njia. Mtu akiniletea mashati matatu mabovu na moja zuri, najua nimfundishe nini. Akileta moja zuri tu, sijui kama ni lake.

Kuhusu kuchora. Umeogopa sura bure, acha nyuso ziwe yai tupu, wabunifu wengi hufanya hivyo na hakuna anayelalamika. Kinachotakiwa ni mwili unaosimama, na nguo inayoning'inia juu yake kwa uzito wa kweli. Mtu wa kawaida urefu wake ni kama vichwa saba na nusu. Michoro ya mitindo humnyoosha hadi vichwa tisa, na wewe umezoea kunakili hao warefu, ndiyo maana nguo zako zitakuwa zinaelea. Anza na saba na nusu. Nenda kivukoni Likoni saa za jioni, keti mahali, umpe kila mtu dakika mbili: mama aliyebeba mtoto na leso imevutwa begani, kijana wa bodaboda na jaketi lililovimba kwa upepo, mzee aliyeinua kanzu asikanyage maji. Ishirini kwa siku, mwezi mmoja. Ya wiki ya kwanza itakuchekesha, ihifadhi vilevile. Pamoja na hiyo, jifunze mchoro wa kiufundi, ule wa nguo iliyolazwa bapa bila mtu ndani, mbele na nyuma, kila mshono, kila kifungo, kila zipu. Huo ndio mchoro ambao fundi asiyekujua ataupokea na kushona. Miaka yote umekuwa ukimweleza ami kwa mdomo na vidole, sasa mweleze kwa mistari.

Kompyuta isikukoseshe usingizi. Programu za kulipia utafundishwa chuoni. Ukipata pa kujaribia, Inkscape ni ya bure na inatosha kabisa kwa michoro bapa. Picha za akili bandia ndizo nitakazokukataza waziwazi. Zinameta, na zina ugonjwa uleule wa gauni langu jekundu: hazina pa kuingilia.

Na hapa niteme nyongo kidogo. Kila mtoto wa Pwani anayeomba chuo hukata leso, akaibandika kwenye gauni la kubana, akaandika "utamaduni". Leso ina pindo la kuizunguka, ina mji wa katikati, ina jina lililoandikwa, na huuzwa doti kwa sababu vipande viwili vina kazi mbili mwilini. Ukiukata mji katikati na jina likaangukia kwenye upindo ambako halisomeki, umefanya uamuzi, na nitakuuliza kwa nini. Ukiwa na jibu, hongera. Kama huna, waachie leso wenye nayo ukashughulike na kikwapa chako.

Jalada lenyewe ukilikusanya lisizidi kurasa ishirini hivi, isipokuwa chuo kimetaja idadi yake, na kikitaja ifuate bila ubishi. Tia kazi iliyo bora mwanzoni na nyingine iliyo bora mwishoni. Nguo zipigwe pasi, zivaliwe na mtu, zipigwe picha karibu na dirisha asubuhi, ukutani pasipo na kalenda wala pazia la maua, bila vichujio vya simu. Piga picha ya karibu ya mishono. Kurasa za daftari zipige kama zilivyo, na madoa yake. Maneno yawe machache, sentensi moja ya kusema ulikuwa unatafuta nini.

Sasa London. Vyuo viwili anavyovisikia rafiki yako, Central Saint Martins na London College of Fashion, vyote viko chini ya University of the Arts London, na maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya Uingereza, ambako unaruhusiwa kuchagua kozi hadi tano. Mwenye KCSE mara nyingi huelekezwa mwaka wa msingi kabla ya shahada. Usione umedharauliwa, hata Waingereza wenyewe wengi huanza na mwaka huo wa sanaa. Ile barua ya kujieleza, kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea, imekuwa maswali matatu: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekutayarisha vipi, na nje ya masomo umefanya nini. Yote kwa jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi. Swali la tatu ni lako, wengine watahangaika nalo. Ila usianze kwa "tangu utotoni nilipenda mitindo", maana tumeisoma hiyo mpaka macho yametuuma. Anza na shati lililopasuka.

Lakini nitakuwa sikutendei haki nisipotaja fedha. Mgeni hulipa karo ya kigeni, mwaka baada ya mwaka, na viza inataka uonyeshe pesa za kujikimu kabla hujapanda ndege. Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza anaokutajia kila mtu, ni wa shahada ya uzamili, si ya kwanza. Kama nje inakuvuta, tazama pia Afrika Kusini: Durban University of Technology na Cape Peninsula University of Technology zote zinafundisha mitindo kwa kina. Mimi ningekuwa wewe, ningeichukua nafasi ya hapa nyumbani, nikaiweka London kwa uzamili, wakati ambapo tayari nina kitu cha kuwaambia.

Nimebakisha baba yako. Usibishane naye, kwa sababu hajakosea: cherehani haitaki digrii. Mustafa Hassanali, mbunifu wa mavazi wa Dar es Salaam, alisomea udaktari wa binadamu, na ndiye aliyeanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008. Usimwambie baba kwamba chuo kitakufanya mbunifu. Mwambie kitakachokuwemo. Ami yako anakata kanzu ya mtu mmoja aliyesimama mbele yake. Kiwanda cha EPZ (eneo la viwanda vya kuuza nje) Athi River, kimoja cha vile vilivyoshamiri kwa kuuza Marekani baada ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 ya kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kinapanga matabaka ya kitambaa na kukata mamia kwa mpigo, kosa la nusu sentimita likawa kosa la shehena nzima. Mtu anayejua kuchukua pateni moja ya kukatia nguo akaipandisha kutoka saizi ndogo hadi kubwa bila kuharibu umbo, anayejua kupima kama kitambaa kitarudi kikifuliwa, anayeweza kukokotoa bei ya shati kabla jora halijafunguliwa, huyo hafunzwi dukani, kwa sababu duka halina haja naye. Kisha mwombe ami akazungumze na baba. Neno la fundi kuhusu cherehani lina uzito kuliko langu.

Na ukifika siku ya kuhojiwa, popote iwapo, vaa kitu ulichokishona mwenyewe, hata kama ni shati jeupe. Watalitazama kabla hawajafungua jalada. Uwe tayari kulivua bega na kuwaonyesha kwa ndani.

Jumamosi hii nenda Kongowea. Ukishalifumua koti, nipigie picha vile vipande viwili vya mkono, uvilaze kando ya kikwapa cha kanzu, kabla hujavipiga pasi.